Mbweha na Risasi Namba Saba

Alfayo Kipkosgei,
S.L.P. 41,
Kedowa.
Alhamisi, 5 Desemba 1996

Mpendwa Kipkemboi, mtoto wa dada yangu,

Chamgei mising, salamu nyingi sana. Kabla ya mengine, habari ya goti lako? Mama yako aliposomewa barua yako alilia kidogo pale uliposema la kushoto linauma ukimaliza mazoezi. Nimemwambia goti la mkimbiaji ni kama springi ya lori, linalia lakini linabeba. Na huko Texas umepata unga wa ugali, ama bado unaishi kwa mikate kama mgonjwa?

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mvua haijui kunyamaza, barabara ya Londiani inateleza kama sabuni, viazi vingine vimeozea shambani, lakini ng'ombe wanatoa maziwa vizuri. Anti yako Janeffer hajambo, ila haongei sana na mimi wiki hizi. Utaelewa ukiendelea kusoma.

Unajua mwanangu Kipruto anaoa. Msichana ni Edinah, binti ya arap Tonui wa Boito. Ni watu wa majani chai, wapole, wasiopenda kelele. Siku ya kuelewana mahari mimi ndiye nilikuwa msemaji, na unanijua nikishapewa nafasi na kibuyu cha maziwa ya mursik. Ng'ombe tulimaliza haraka. Kufika kwa kondoo, arap Tonui akasema anataka majike wanne, kila mmoja na mwana wake ananyonya, kwa sababu binti yake haendi kwa boma lisiloweza kulea. Mtu wa akili angesema tutajaribu. Mimi nilisimama nikasema mtu aliyepeleka lori Kigali na kulirudisha hawezi kushindwa na kondoo, na tarehe kumi na nne Desemba akikosekana mwana hata mmoja, wasitoe msichana. Kipruto alinivuta koti. Sikukaa.

Kondoo nilikuwa nao, Kipkemboi, sikudanganya. Wanne, na wana wanne wazuri. Halafu Oktoba mbweha wakaanza kutoka kwa ile miti ya miwati ng'ambo ya mto. Nikazungushia zizi miiba, wakachimba chini yake. Nikafunga mbwa karibu, asubuhi nikamkuta mbwa amelala jikoni na kamba shingoni. Wana wawili wakaenda hivyo. Nilimwita mtu wa wanyama wa pori, akaja na daftari, akaandika "mbweha", akanywa chai, akaenda.

Hapo ndipo barua yako ikafika, ile ya mbweha wa huko mnaowaita koyoti, kwamba watu huwafuata usiku na taa, na kila mtu huchagua risasi inayomfaa mnyama. Hukuandika wanachagua namna gani. Silaumu, lakini hukuandika.

Mwenye bunduki hapa kwetu ni mmoja, mzee arap Koech, yule aliyekuwa akimlindia mzungu shamba upande wa Kipkelion. Ana cheti chake, na ile bunduki ya marisau ya mitutu miwili ameitunza kama mtoto. Alikubali kuja kulinda zizi, ila risasi zilikuwa zimeisha. Cheti kinamruhusu boksi moja kwa mwaka. Basi tukaenda Nakuru mimi na yeye, kwa sababu mzee hajui kusoma na mimi nilifika darasa la sita.

Njiani aliniambia tutafute zenye A tatu, ndizo mzungu wake alikuwa akipigia mbweha. Tukaingia dukani. Mhindi akauliza tunapiga nini. Nikamwambia maadui. Akaniangalia, akapanga maboksi juu ya meza. Kweli A tatu zilikuwepo. Lakini pia kulikuwa na nne, tano, sita na saba, na hapo kichwa changu kikaanza kufanya kazi.

Nikamwelezea mzee kwa kituo kama mwalimu. Mbegu ya mahindi 511 ni ya kule chini kwa joto, inatoa mahindi mafupi. 614 ndiyo ya huku kwetu. 625 inampita mtu pamoja na kofia yake. Namba ikipanda, nguvu inapanda. Sasa hizi A hata namba hazina, ni kama mbegu ya kuokota ghalani. Mzee akashika boksi la A akaligeuza geuza, akasema, "Wewe ndiye unajua kusoma," akalirudisha. Tukachukua saba. Nilimwambia Mhindi kama angekuwa na kumi tungechukua kumi.

Usiku wa kwanza tulikaa nyuma ya kibanda cha ndama, mzee na bunduki, mimi na tochi ya betri tatu. Saa mbili hivi nikaona macho mawili kando ya mto. Nilimmulika vizuri kabisa, amesimama kiubavu, hatua arobaini tu. Mzee akapiga. Yule mbweha aliruka, akajikung'uta kama mbwa aliyemwagiwa maji, akaenda zake anatembea. Hakukimbia, Kipkemboi. Alitembea. Tukapiga mwingine, hivyo hivyo. Risasi nne tulimaliza, na kabla ya asubuhi mwana wa tatu alikuwa ameenda.

Kulipopambazuka mzee alichukua risasi moja, akaipasua ganda kwa kisu pole pole, akamwaga kwa kiganja changu. Vilikuwa vipunje vidogo vidogo, mamia.

"Kipkosgei," akasema, "hii ni wimbi. Nenda ukapande."

Nikauliza kumbe kwa bunduki namba ikipanda punje inashuka. Akasema ndiyo, saba ni ya kwale na njiwa.

"Na mbona hukuniambia, mzee?"

"Ulikuwa unaongea."

Tulirudi Nakuru. Mhindi hachukui boksi lililofunguliwa. Tukaenda stesheni ya polisi, wakasema boksi lingine ni Januari, sheria ni sheria, na wakauliza ishirini zilizobaki zina shida gani. Mzee mwenyewe hajaninung'unikia hata neno moja, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Alikubali macho yangu yawe yake, nami nikayatumia kujionyesha.

Sasa nina kondoo wanne na mwana mmoja, ambaye analala jikoni na Janeffer anamchunga kuliko anavyonichunga mimi. Kwa foleni ya maziwa wananiita Namba Saba. Hata watoto wa shule.

Mimi nilikuwa nimepanga maneno ya kupeleka Boito. Nilikuwa nitasema ni ugonjwa umeingia, ama ni chui, maana chui anampa mtu heshima kidogo. Jumapili nikavaa koti. Kipruto akasimama mlangoni, na unajua yeye si mtu wa maneno. Akasema, "Baba, umeongea vya kutosha. Nitaenda mwenyewe." Akaenda. Nilikaa nje mpaka giza likaingia, sikuweza hata kukamua.

Aliwaambia yote, mpaka ya mbegu 625. Anasema mama yake Edinah alitoka nje kucheka, lakini arap Tonui hakucheka. Akasema kondoo atawapokea hivyo walivyo, wote wanne, watatu wakiwa bila wana, kwa sababu kijana aliyekuja kusema ukweli kabla ya kuulizwa anaweza kulea. Lakini yule msemaji aliyesimama siku ile, akasema, asimame tena siku ya harusi mbele ya wazee wote, aeleze mwenyewe jinsi alivyonunua risasi, bila kuongeza na bila kupunguza. Akikataa, binti haondoki.

Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo hiyo. Hadithi nyingi nimesimulia kwa hii dunia bila kuombwa na mtu. Hii ndiyo ya kwanza ninayoombwa, na usingizi sipati. Jana nilijaribu kuisema mbele ya Janeffer, nikafika kwa mbweha, wakawa watano. Akaniambia nianze tena.

Lakini nitasimama. Kipruto lazima aoe.

Mama yako anakusalimia na anauliza picha. Mzee arap Koech anakusalimia, anasema kimbia lakini usikilize kocha. Owiti wa kiwandani na mkewe Adoyo wanakusalimia pia, watakuja harusi, nasikia wameomba viti vya mbele. Mungu akulindie miguu, na akupe akili ya kuuliza kabla ya kuchagua kitu.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda bila kipimo,

Alfayo Kipkosgei