Chupa ya Damu Yako

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tunapumua. Mama goti linamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa.

Maabara tumeletewa mashine mpya, na mkuu wetu akataka damu ya mtu mwenye afya aijaribie. Nani mwingine? Nikakunja mkono wa koti kwa maringo. Majibu yakatoka: kingamwili za tezi ya shingo ziko juu kupindukia. Nikamwambia fundi aliyeileta kwamba mashine yake ni mbovu. Alirudia mara tatu, kisha akasema kwa upole kwamba mashine haina ugomvi na mimi.

Daktari alinishikashika shingo, akanieleza kuwa kingamwili ni walinzi wa mwili, ila zangu zimeigeukia tezi, zinaishambulia polepole. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Homoni bado zinatosha, kwa hiyo sijaanzishiwa dawa, nitapimwa tena. Kisha akauliza kama nyumbani yupo anayechoka bila sababu, anayesikia baridi mchana, mwenye sauti ya kukwaruza, maana ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo. Nikakuona wewe kwenye cherehani, na sweta lako la saa sita mchana. Wewe tuliyekuita Kobe. Jina hilo nililitunga mimi.

Sasa nisikilize, na ukitaka kuichana barua, uichane ukishaimaliza. Mwaka jana ulipokuja maabara na uchovu wako nikakutoa damu, sikuipima. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilishaamua kwamba unajidekeza. Chupa niliiweka pembeni, jioni nikaitupa, nikakuambia, "Damu yako safi, dada. Punguza uvivu." Ukanishukuru. Mama alipotoka kwako alinisimulia kwamba uliwaita wanao ukawaomba msamaha kwa kuwa mama mvivu. Wakati ule nilicheka. Leo naona aibu hata kulisoma jina lako juu ya bahasha. Mkuu nimeshamwambia yote, na adhabu itakayokuja naistahili.

Njoo, tafadhali. Sijui majibu yatasema nini. Mwenzangu ndiye atakayekutoa damu na kuipima, kwa sababu mkono wangu huna haja ya kuuamini tena. Mimi nitakaa nawe kwenye benchi mpaka uitwe.

Msalimie shemeji. Watoto waambie ule msamaha haukuwa wa mama yao kuomba. Naomba mimi, mama yao mdogo.

Ni mimi,
mdogo wako