Mbegu ya Karanga na Mdomo Uliokosa Kazi

Mukendo, Musoma
5 Agosti 1984

Baba Florian mume wangu,

Salamu za hapa Mukendo pokea. Mimi mzima, ila mgongo tu, kitanda cha wageni cha Esta kina shimo katikati. Wewe mguu unaendeleaje? Plasta bado inawasha? Usiingize kijiti humo ndani kujikuna, daktari alikukataza.

Mtoto wetu Esta bado amelala. Amekatazwa kuinuka mpaka ajifungue, hata maji ya kunywa ni kazi yangu mimi kumpelekea. Mume wake Clementi yuko Butiama anafundisha, anakujaga Jumamosi tu na baiskeli. Kwa hiyo kurudi Guta kabla ya mtoto kuzaliwa haiwezekani. Hilo tulikubaliana.

Ambalo hatukukubaliana ni hili. Jana Siwema muuza chumvi alipita hapa na salamu zako. Nikamuuliza, mzee umemwachaje? Akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema alikukuta umekaa mlangoni, maganda ya karanga yamejaa kwenye ndevu.

Baba Florian! Zile ni mbegu! Nilikuachia kazi ya kubambua, sikukuachia kazi ya kula. Duka la ushirika Bunda mbegu hakuna, umesikia mwenyewe. Mafuta ya kupikia hakuna. Mwaka jana mvua ilitukimbia, tukabaki na gunia hilo moja. Vuli ikifika hatuna cha kupanda, mwaka mzima ugali tutaula na nini? Na usiniambie njaa. Wifi yangu Jenoveva anakuletea chakula asubuhi na jioni. Hilo simnyimi, ingawa sufuria yangu aliirudisha imetoboka na mpaka leo hatusemeshani.

Fanya alivyotufundisha marehemu mama yako. Anayebambua mbegu anajaza maji mdomoni na kukaa nayo mpaka amalize. Mdomo wenye maji hautafuni.

Ni mimi mkeo,
Mama Florian


Guta, Bunda
14 Agosti 1984

Mama Florian mpendwa,

Nimepokea salamu, na zangu zikufikie wewe na Esta. Mguu upo. Ng'ombe wapo. Mimi nipo, sana tu, maana sina pa kwenda.

Kwanza, huyo Siwema ana mdomo. Yalikuwa maganda mawili matatu, tena upepo ndio ulioyaleta.

Pili, mimi sikusema nina njaa. Sina njaa, na hilo ndilo nataka unielewe. Asubuhi dada Jenoveva analeta uji, nakunywa, nashiba. Halafu nakaa mlangoni. Ng'ombe wanapita kwenda ziwani kunywa maji. Wakiisha, namtazama kuku. Kuku naye ananitazama. Redio haina betri tangu Pasaka. Ukiangalia kivuli, hata saa nne haijafika! Mimi nilikuwaga mtu wa kulima, wa kushona nyavu, wa kwenda mnadani, leo nimekaa kama gunia. Basi mkono unakwenda wenyewe kwenye ungo, nashtukia natafuna. Karanga ya kwanza siijui kabisa, haki ya Mungu. Ya pili naijua. Ya tatu nasema hii ni ya mwisho.

Nilijaribu kutafuna mswaki wa mti badala yake. Nikatafuna mpaka mdomo ukawa mchungu, halafu nikala karanga ili kuondoa uchungu. Sasa nitafanya hiyo ya maji. Mama alikuwa na akili.

Mumeo,
Baba Florian


Mukendo, Musoma
2 Septemba 1984

Baba Florian,

Hatujambo. Esta amevimba miguu lakini anacheka. Shikamoo anakupa.

Nimesoma barua yako nikaguna. Mtu mzima, nywele nyeupe, anashindana na mkono wake mwenyewe, na mkono unashinda! Mimi hapa nakaa na mgonjwa kutwa, sina hata kuku wa kunitazama, mbona sitafuni meza?

Lakini nakuonea huruma kidogo. Maduka ya hapa yameanza kupata vitu, sasa wanaruhusu watu kuleta bidhaa kutoka nje. Sabuni unaiona kwa macho, siyo kwa kusimuliwa. Dukani kwa Alawi pale chini nimepata betri. Siwema anakuletea pamoja na barua hii. Washa redio, usikilize dunia, uache karanga. Na maji mdomoni usisahau.

Mkeo,
Mama Florian


Guta, Bunda
16 Septemba 1984

Mke wangu Mama Florian,

Nawasalimu wote wawili kwa heshima. Nakuandikia haraka kabla Siwema hajafika huko, ili uanze kusikia kwangu.

Betri zimefika, asante sana. Ila redio haikusaidia. Ukiisikiliza, mkono ndio unasahaulika kabisa. Wakitangaza mpira, timu ikikaribia goli, natafuna mara mbili. Nikaizima. Nikasema sasa nafanya ya mama. Nikajaza maji mdomoni, nikavuta ungo, nikabambua vizuri sana, hata moja haikupotea.

Mara Siwema huyo. Hodi! Nikatikisa kichwa. Shikamoo mzee! Nitaitikiaje? Nikimeza nitakuwa nimeharibu kazi, nikitema mbele ya mgeni ni aibu. Nikabaki kimya, mashavu yamejaa, namwonyesha mdomo kwa kidole. Mzee una nini? Nikazidi kuonyesha. Loo! Alipiga yowe, nafikiri Musoma mlilisikia: mzee amepooza, jamani, mdomo umekwenda upande!

Uwanja ulijaa watu. Magige jirani alinishika kichwa, mwingine anatafuta kijiko cha kunipanua meno. Maji yote nikammwagia Magige kifuani. Ndipo wakacheka, na mimi nikacheka.

Sasa nisikilize vizuri. Watu wameacha kazi zao, wamekuja mbio kukulilia ungali hai. Unawaacha waondoke hivi hivi, midomo mitupu, kwenye nyumba yako? Wewe mwenyewe ungenisema. Nikamwambia Siwema akaange kidogo. Kikaango kimoja.

Basi, viwili.

Mumeo anayekuheshimu,
Baba Florian


Mukendo, Musoma
20 Septemba 1984

Baba Florian,

Salamu leo hazipo, nitazileta hasira ikipoa.

Umekaanga mbegu. Wewe. Umekaanga mbegu! Ya kutafuna nilikuwa nakugombeza nusu, nusu nacheka, maana hata panya anakula na zinabaki. Lakini kuzitia chumvi na kuzigawa kwa nusu ya Guta? Kwa Magige, ambaye anakulaga hata mbegu zake mwenyewe halafu anazunguka kuomba? Ulishindwa kuwapa maji ya kunywa ukasema Mungu awabariki?

Nilisoma barua yako kwa sauti, Esta akacheka mpaka nikaogopa, nikamwambia nyamaza, utazaa kabla ya siku yako. Halafu nikaenda jikoni nikalia, nakwambia ukweli. Nimechoka. Nina mtoto hapa ambaye sijui kama atapona, na nina mume huko ambaye siwezi kumwachia ungo wa karanga. Niwe wapi na wapi?

Zilizobaki ziondoe machoni pako. Usizifiche, maficho yako utayajua wewe mwenyewe. Zitoe nyumbani kabisa, mpe mtu unayemwamini kuliko mdomo wako.

Mama Florian


Guta, Bunda
1 Oktoba 1984

Mama Florian mke wangu,

Natumaini hasira imepoa na Esta yuko salama. Namwombea kila jioni, na wewe pia.

Ulichosema nimefanya. Mbegu zimetoka nyumbani, zote. Nimempa dada Jenoveva.

Subiri, usitupe barua. Nilifikiria wengine. Wengine wote hapa nikiwaomba kiganja kimoja watanipa, kwa heshima ya uzee. Jenoveva ndiye peke yake hawezi kunionea haya, amenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Na ni kweli, juzi nilijikokota na fimbo mpaka kwake, nikasema nataka kuangalia tu kama hazijaota ukungu. Alifunga mlango nikiwa bado naongea.

Mumeo,
Baba Florian


Mukendo, Musoma
4 Oktoba 1984

Jenoveva.

Watu wote wa Guta, ukaenda kwa Jenoveva. Sina la kukwambia.

Mama Florian


Guta, Bunda
18 Novemba 1984

Mama Esta, bibi wa mtoto,

Hongera! Nasikia ni wa kike, mzima, na mama yake mzima, na mnamwita Ursula. Nasikia, nasema, kwa sababu wewe hukuniandikia. Habari ya mjukuu wangu nimeipata kwa muuza chumvi, barazani, mbele ya Magige. Umenipiga sana hapo, na najua ulikusudia.

Sasa nikupe habari za huku. Mvua ilifika mwishoni mwa Oktoba, ikanyesha siku mbili bila kupumzika. Plasta imetoka lakini kuinama na jembe siwezi. Nilikaa mlangoni naangalia shamba letu limelowa, tupu, nikajiona mjinga kuliko siku zote za maisha yangu. Ndipo nikamwona dada anakuja, jembe begani, mbegu kichwani. Hakubisha hodi. Alipitiliza mpaka shambani, akapanda letu lote kabla hajagusa lake. Nilipomshukuru akasema, sikukufanyia wewe, nimemfanyia wifi yangu aliyekaa na mgonjwa. Hayo ni maneno yake, sijaongeza.

Mimi akanipa kiti na fimbo nifukuze kunguru, maana wanafukua. Namfukuza huyu, anarudi yule. Nao hawana njaa, Mama Florian, ziwani dagaa wamejaa. Wamekosa tu kazi.

Jumanne jua lilikuwa kali, kunguru wenyewe wamelala, mtu hapiti. Nilikuwa nakuwaza. Nyumba haina wa kunigombeza, nimekukosa mpaka nimekasirika. Sikuwa na njaa hata kidogo. Mkono ukaenda. Nikafukua moja, nikaifuta kwenye suruali, nikaifikisha hapa mdomoni. Ilikuwa imeshatoa mzizi, mdogo, mweupe, ukanigusa mdomo. Nikashindwa. Nikachimba kwa kidole, nikairudisha, nikaifunika, nikakaa.

Zimechomoza zote sasa, hata ile. Njoo uone mwenyewe, maana najua hutaniamini.

Mumeo,
Baba Florian