Jiwe la Chemchemi Limeshushwa

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa nikisubiri marahaba yako kama mjinga, kisha nikakumbuka.

Naogopa. Nianze na hilo, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Tangu tukuzike mengi yamekuwa mazuri, nisipoyasema nitakuwa mchoyo. Pampu ya jua uliyoipigania imeshafungwa. Hapa Benaco, kwenye kilima kilichobaki kipara baada ya kambi ya wakimbizi, miti tuliyopanda nawe kwa msaragambo, kazi ya wote pamoja, inatupa kivuli, na maji ya chemchemi yanapanda yenyewe hadi kwenye vitunguu vya kikundi. Hakuna tena kubeba ndoo kichwani kila mafuta ya jenereta yakiisha. Ulikuwa ukisema, "Tutaishi vizuri bila kuimaliza ardhi," nasi tukicheka tu.

Lakini lile jenereta la zamani lilikuwa likizimika, chemchemi inapumzika. Jua haliishi. Tena kiangazi, chemchemi inapopungua, ndipo jua linawaka na pampu inavuta kwa nguvu zaidi. Uliliona hilo kabla yetu, ukaweka jiwe jeupe ndani ya chemchemi: likitokeza kichwa, pampu izimwe, maji yapumzike. Kazi ya kuzima uliniachia mimi.

Wiki hii jiwe halikutokeza kabisa, na pampu ikaanza kuvuta tope. Nikaizima, nikakunja kanga, nikaingia majini kupapasa. Jiwe limeshushwa, Shangazi. Wamelichimbia chini zaidi, wakalishindilia kokoto vizuri, kazi ya watu wasio na haraka. 

Si wezi. Ni wenzetu wa kikundi, wale wale waliochimba mashimo ya miti pamoja nawe. Vitunguu vyao vinanyauka, na vyangu pia. Siku hizi nikipita wananisalimia vizuri mno. Mama Skola, jirani yako, alinishika mkono jana nikitoka kanisani, akaniambia taratibu, "Mwanangu, jiwe liache hivyo hivyo. Mvua ziko karibu." Alikuwa anatabasamu. Mimi nikitazama juu sioni hata wingu.

Naogopa watanitenga. Naogopa zaidi chemchemi ikikauka, turudi kuchota maji kule bondeni, halafu watu waseme mambo yako yote yalikuwa ndoto. Na sina wa kumwambia. Kila ninayemfikiria ana vitunguu.

Laiti ungekuwepo unigombeze kidogo tu.

Basi pumzika, Shangazi yangu. Kesho wote watakapokuwa wamekusanyika kumwagilia, nitaingia majini mbele yao, nilirudishe jiwe pale ulipoliweka. Wataniuliza nani amenituma. Najijua, kwa woga nitataka kutaja jina lako, maana marehemu hagombezwi. Nakuahidi nitataja langu.

Mwanao,
Adela