Bei ya Asubuhi

Al Khoudh, Maskati

Kaka yangu Nassor,

Assalaamu alaykum. Nnakuamkia kwanza kabisa, maana nnakujua, usipoamkiwa utanuna mpaka ukurasa wa mwisho. Mguu wako vipi? Na wifi yangu, kifua kimemwacha au bado anakohoa? Sisi wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Moyo ndio hauna raha.

Uliniuliza habari ya huduma hizi za kwenye kompyuta, ipi ina nafuu, ili na weye uweke dukani. Haya, nikwambie. Hii ya hapa nchini unalipa kila mwezi, utumie usitumie, na juu yake simu inakuhesabia kila dakika. Ile ya Uingereza haina ada ya mwezi, lakini wanakutoza kwa saa, na mchana wao bei yake ni kuchunana ngozi tu. Shemeji yako Said alikaa na makaratasi yake analinganisha mpaka chai inampoea. Siku moja akaruka: "Salma! Wenyewe wakilala bei inashuka nusu, na wakilala wao ndiyo asubuhi yetu!" Alifurahi kama kapewa nyumba. Ni mwalimu, anazihitaji zile makala za kusomeshea, simlaumu.

Basi ikawa kila asubuhi anachomeka waya wa simu kwenye kompyuta, inapiga yale makelele yake, na laini imeshikwa mpaka karibu na adhuhuri, ndipo anapokwenda kusomesha.

Saa hiyo hiyo, kaka, ndiyo saa ya Mama. Weye hujapata kukaa huku, hujui. Wazee wetu waliotoka Unguja wametawanyika, mmoja yuko Wattaya, mwengine Qurayyat, na kutembeleana mpaka watoto wapate nafasi ya kuwapeleka. Kwa hiyo asubuhi wanapigiana simu. Umeamkaje, umepika nini, nani kaposwa. Mama alikuwa anavaa kanga safi kwa ajili ya simu, wallahi, anakaa pembeni yake na kucheka mpaka anafuta machozi.

Simu ikanyamaza. Mie asubuhi niko kazini. Yeye hajui kama kompyuta inakula laini, na hakuuliza kitu. Siku moja tu aliniambia, "Wamenichoka. Labda nilisema neno."

Nikamwambia, "Mama nawe! Nani akuchoke weye? Nikupigie mie, uzungumze nao?"

"Waache, wana shughuli zao."

Nikenda zangu jikoni. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Ghafla tukaletewa habari ya msiba. Bi Zuwena wa Qurayyat, shoga yake Mama tangu skuli, kafariki. Tukenda kuhani. Binti yake akamkumbatia Mama, akamwambia mbele ya watu, "Alikuwa anakutaka wewe tu. Kila asubuhi tukipiga, imeshikwa. Tukadhani mmebadilisha namba."

Mama akasema, "Asubuhi zote nilikuwepo nyumbani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Garini akauliza laini ilikuwa na nini. Said, maskini, akamweleza yote, mpaka habari ya bei. Mama akasikiliza vizuri, halafu akamuuliza, "Sasa hiyo nusu mliyookoa, mwanangu, mmeiweka wapi?"

Kesho yake Said aliikata huduma ile. Sasa simu inalia asubuhi. Bi Moza wa Wattaya anapiga, na Mama anasema, "Mwambieni nimelala." Amekaa hapo hapo, macho wazi.

Anataka kurudi Unguja, kwako. Kaniambia nikuulize kama chumba cha uani kitupu. Kaka, nimelia mpaka basi. Ukimwambia aje, atakuja, na mie sina uso wa kumzuia. Ukimwambia asubiri, ataona na weye umemchoka. Sijui hata nikuombe lipi.

Nisalimie wifi yangu, nisalimie Shangazi na yule fundi cherehani jirani yenu aliyenishonea nguo ya harusi. Watoto wabusu wote. Said anakusalimu, anaona haya kukuandikia mwenyewe.

Nilimuuliza Mama nimtilie salamu zake humu. Kasema nisitie, atazileta mwenyewe.

Mdogo wako,
Salma