Struan na saa ya kulala

Mhairi!! Natoka bungeni Edinburgh na Ishbel. Bado anaomba ardhi ipasuke immeze.

Kamati ilimwita aeleze huduma za walemavu majumbani. Struan, mdogo wake, yuko hapo hapo ubavuni kwenye kiti chake cha magurudumu, lakini maswali yote kwa Ishbel. Eti "Anapenda nini? Analala vizuri?"

Struan akalipuka: "Kwani mimi kabati? Niulizeni mwenyewe!"

Ishbel kaficha uso. Kabati, shosti! Mbele ya waziri wa huduma hizo!

Mwenyekiti akaona haya, akamsogezea maikrofoni.

"Nina miaka arobaini," Struan akasema. "Mhudumu ananilaza saa moja jioni kama kuku, kwa sababu zamu yake imeisha. Mheshimiwa Waziri, wewe jana umelala saa ngapi?"

Waziri kajikuna kichwa. "Saa sita..."

"Umeona!"

Watu wakaangua kicheko, hata waziri mwenyewe. Ila mwenyekiti hakumwachia, akambana mpaka akaahidi kuzibadilisha ratiba hizo kabla ya Krismasi. Kaahidi hadharani!

Ishbel analia huku anacheka: "Umeniaibisha, mjinga wewe."

"Futa machozi, dada, twende baa. Leo silali mpaka wafunge."

Tuko baa sasa. Njoo haraka, ameshaanza kuimba.