Viatu vya Torger na Daftari la Gesi

Shamba la Haugerud,
Skogdal, Wisconsin.
25 Aprili.

Mpendwa mwanangu Sivert,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. U hali gani, na samaki wa Alaska hawajambo? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unabweka kama mbwa wa jirani? Vaa soksi mbili. Mimi baba yako mdogo, na miaka yangu themanini na moja, ni mzima kabisa. Nakula kama ndama, na usiku nalala usingizi wa pono, nikijilaza saa tatu sitikisiki mpaka jua linichome puani.

Hilo la usingizi ni uongo. Nimeliandika kwa kuwa barua lazima ianze vizuri, na kwa kuwa ningependa liwe kweli. Nitalirudia mbele.

Dada yako Marit hajambo, ila amekonda. Ng'ombe ni mia nne na kumi, wote wanakula, wote wanakunya, kwa hiyo tunaendelea. Theluji imekwisha. Ijumaa bado tunakwenda kula samaki wa kukaanga mjini, na akina mama wa kanisani bado wananifukuza jikoni kwao.

Baba yako, kaka yangu Torger, tulimzika vizuri. Meli yako ilikuwa baharini, hakuna aliyekulaumu. Tulimvika suti yake ya harusi na soksi za sufu alizofuma marehemu mama yako. Viatu hakupewa. Vile vya mpira vya kijani alikuwa amevinunua mwaka jana tu, na miguu yangu na yake ni kipimo kimoja tangu utoto. Nikavichukua. Mchungaji aliponitazama nikamwambia, marehemu hatembei.

Sasa nikueleze habari ya tangi, maana uliondoka kabla halijajengwa. Ni kubwa kuliko ghala, na juu lina turubai nene jeusi linalopanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Mavi ya ng'ombe yanachachuka mle ndani, gesi inatoka, inasafishwa, inaingia kwenye bomba kubwa na kwenda kuendesha malori. Kwa kila kipimo cha gesi tunapata hati, na wauza petroli wanalazimishwa na sheria kuzinunua hizo hati. Maziwa yanalisha ng'ombe. Mkopo wa tangi unalipwa na hati. Hati zikifutwa, Marit anauza shamba, na mimi naenda kukaa nyumba ya wazee, kuimbiwa kila Jumatano.

Hizo hati zina masharti. Kila shamba linasajili mpango wake serikalini, nani atafanya nini na saa ngapi. Ukiandika kwamba utapiga chafya kila Jumatatu, basi Jumatatu ipigwe na iwekewe sahihi. Baba yako hakuiamini kompyuta. Ingawa yenyewe inasoma mita ya gesi, aliandika kwenye mpango kwamba kila siku saa kumi na moja alfajiri mtu ataingia kibanda cha tangi, asome mita kwa macho yake na kuandika daftarini kwa wino. Mtu huyo alikuwa yeye.

Alipofariki, Marit alidhani nasoma mimi. Mimi nilidhani anasoma Marit. Unatujua sisi tuliozaliwa bonde hili, mtu hamuulizi mwenzake kama kazi imefanyika, ni kama kumwita mvivu. Siku arobaini na moja zikapita hivyo, hakuna aliyeuliza.

Jana akaja mkaguzi wa hati, Bi. Kowalke, mwanamke mwenye miwani na mkoba mzito. Tukamkaribisha kibandani, akaomba daftari. Marit akanitazama, nami nikamtazama. Hapo ndipo tulipojua, wote wawili kwa pamoja, kwamba hakuna aliyelishika.

Bi. Kowalke akalifungua. Lilikuwa limejaa.

Siku arobaini na moja, bila kuruka hata moja, kwa wino. Akalinganisha na kompyuta, tarakimu kwa tarakimu, zikaafikiana. Mwandiko ulikuwa ule wa kulalia nyuma, wa mtu wa mkono wa kushoto, kama baba yako. Mle mna nafasi ya maoni, ambayo baba yako aliitumia kuwasengenya ng'ombe. "Nambari 212 ana kiburi," na kadhalika. Sasa yalikuwepo maneno mawili tu, kila siku yale yale: miguu baridi.

"Haya ameandika nani?" akauliza.

"Mimi," nikasema. Kuwadanganya watu wa makaratasi hakujawahi kuninyima hamu ya kula.

"Na hii miguu baridi?"

"Bibi wewe, ungeamka alfajiri ya Machi huku ungeandika mabaya zaidi."

Akacheka. Nikaona nimeshinda. Kisha akanisogezea karatasi. "Basi Mzee Selmer, niandikie mstari mmoja hapa, nami nilinganishe."

Nikachukua kalamu, moyoni nikijisemea sasa tumekwisha. Nikaandika tarehe na kipimo. Nilipoinua macho nikaona uso wa Marit umekuwa mweupe kama jibini, nikauliza kuna nini, akakitazama tu kiganja changu. Kalamu ilikuwa katika mkono wa kushoto. Na mwandiko ulikuwa umelalia nyuma.

Sivert, mimi mkono wa kushoto siwezi hata kujikuna nao.

"Sawasawa," akasema Bi. Kowalke, akafunga mkoba. Ameniachia fomu ya kiapo. Nitie sahihi kwamba mimi, mtu hai mwenye akili timamu, nilisoma mita kwa macho yangu siku zote arobaini na moja. Ifike kwake kabla ya tarehe kumi na tano Mei, la sivyo hati za siku hizo zinafutwa, na usajili wenyewe utatazamwa upya.

Alipoondoka, Marit akaja ukumbini.

"Baba mdogo, asante kwa kusoma mita."

"Si kitu."

"Kahawa ipo."

"Nitakunywa."

Akarudi jikoni kuimimina.

Ila kuna jambo sikumwambia, ninakuambia wewe. Vile viatu naviacha barazani vikavu kila jioni, na tangu mazishi kila asubuhi navikuta vimelowa, vina tope jeusi ambalo katika shamba zima lipo kwenye tangi tu. Nilijiambia ni umande. Nimejaribu kukesha. Nakaa kitini na kahawa yangu, na ikifika saa kumi na nusu usingizi unanifika ghafla, kama mtu amenifunika uso kwa kiganja.

Jana jioni nilivipeleka kibandani, nikavipanga chini ya mita. Nikasema, "Haya, Torger, chukua vyako, bahili wewe." Turubai likashuka taratibu kama mtu aliyeshusha pumzi. Linashuka kila jioni, najua.

Leo nimeamka na tope katikati ya vidole vyangu. Nikaenda kibandani. Marit alikuwa zizini anakamua tangu saa kumi, hakutoka. Viatu vilikuwa palepale vimelowa, ncha zimegeukia ukutani kama alivyokuwa akivivua baba yako. Daftari lilikuwa wazi, wino mbichi, kipimo sahihi. Na kwenye maoni, neno moja: afadhali.

Kwa hiyo nimekwama na fomu yangu. Nimesema uongo mwingi maishani na nimeufurahia karibu wote, lakini kuapa kwa jina la Mungu juu ya kitu nisichojua kama nimekifanya, hilo linanishinda. Nisipoapa, dada yako anapoteza shamba. Nikiapa, sijui ninaapa kwa mkono wa nani.

Marit anakusalimu. Shangazi Borghild naye, anauliza kama umeoa, na akiambiwa hapana anauliza tena. Nisalimie mabaharia wenzako na yule mpishi mwenye jicho moja. Mungu aliyemlinda Yona ndani ya samaki akulinde wewe juu yao.

Sasa, deni langu. Mwaka ule ulipoacha lango wazi, ng'ombe kumi na saba wakaingia makaburini na kula maua ya Walutheri wote, nani alisema "ni mimi"? Baba yako alininunia miezi miwili. Ninalidai leo. Ile simu ya waya ya zizi la zamani sasa ipo kibandani, namba ni ile ile. Siku yoyote kabla ya kumi na tano Mei, piga saa kumi na moja alfajiri ya huku. Kwenu ni saa nane usiku, na najua hulali. Nikipokea mimi, niite jina mara tatu mpaka niamke, nijue ni mimi ninayesoma, na mchana wake nitatia sahihi kwa moyo mweupe.

Akipokea mwingine, usikate. Hukupata kumuaga. Muage, halafu muulize kama ananiruhusu nitie sahihi kwa niaba yake.

Ndimi baba yako mdogo akupendaye hata ukiwa mbali,
Selmer Haugerud