Begi la Mtu wa Mashoto

9 Machi

Kwa mwanangu Kitinda,

Habari za huko, na habari za huyo unayembeba? Natumaini miguu imepungua kuvimba. Mimi ni mzima, nakula na kulala, na kile kikohozi ulichoniacha nacho kimeondoka chenyewe bila hata kuaga. Nimeamua kukuandikia, kwa sababu tangu tumzike mama yako simu imekuwa haitusaidii. Unasema hujambo, nasema sijambo, kisha kila mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake mpaka salio linaisha. Kwenye karatasi angalau nitamaliza ninachotaka kusema.

Uliuliza kama nimeshatoa vitu vya mama. Nguo amechukua shangazi yako, kama mlivyokubaliana. Viatu nimempa jirani yetu Redio ampelekee mkewe, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umeshajua ni namba ngapi. Lakini begi lake la ukunga bado liko nyuma ya mlango, kwenye msumari wake.

Sikufichi. Jumamosi nililishusha, nikatoa kila kitu na kukipanga upya kama kawaida. Sweta na soksi za mtoto chini, maana hizo ndizo alizozihitaji mwisho wa kazi. Halafu vitambaa safi, halafu kikopo cha mkasi na nyuzi za kufungia kitovu, na glovu juu kabisa. Tochi nimeirudisha kwenye mfuko wa upande wa kushoto, ule niliomshonea mwenyewe, kwa kuwa mama yako alikuwa mtu wa mashoto na nilichoka kumwona anapekua begi kama kuku anayechakura. Nimebadilisha betri. Nimebadilisha na biskuti pia, zile za zamani zilishalainika.

Unakumbuka alivyokuwa akiuliza huku anafunga viatu? "Fundi, umenipanga?" Nami najibu, "Umepangwa, nenda." Hayo ndiyo yalikuwa maagano yetu, hata siku tulizokuwa tumenuniana.

Najua utauliza nampangia nani sasa. Sijui, mwanangu. Mikono ndiyo iliyotaka.

Usisimame sana mbele ya hilo tanuri la mikate.

Baba yako


27 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kazini, nimekaa juu ya gunia la unga, na ikabidi niseme ni unga ndio ulioniingia machoni. Mimi sijambo. Miguu bado, lakini nimezoea. Tumbo sasa linafika mezani kabla yangu, na mwokaji mkuu kila asubuhi anawaambia wenzangu, "Leo hakuna mkate ulioumuka kumshinda huyu." Nikimwambia nitamchapa kwa ule mti wa kusukumia unga anasema, "Subiri kwanza uweze kuinama."

Mume wangu yuko safarini na lori. Safari hii ni ndefu, na anaogopa huenda siku yangu ikamkuta barabarani. Hajalala vizuri kwa hilo, na sitaki kumwongezea.

Baba, mama aliniahidi. Siku ile niliyompa habari za ujauzito alicheka, akasema begi lake halijawahi kupanda basi kwenda kwa mjukuu, sasa litapanda. Amepokea watoto wa watu wote hao. Wangu nilijua atampokea yeye.

Hospitali iko karibu nami na wakunga wapo, sikatai. Sihitaji mkunga. Nahitaji mtu wangu awe nje ya mlango, nijue yupo. Uje wewe, baba. Mwanzoni mwa Juni. Nitakutandikia kitanda karibu na dirisha, maana najua hupendi joto.

Binti yako,
Kitinda


15 Aprili

Kwa mwanangu Kitinda,

Marahaba. Nimefurahi kusikia tumbo limetangulia, na mwokaji mkuu mwambie nimecheka. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kuwa viti vya mafundi cherehani havikutengenezwa na mafundi cherehani.

Kuhusu kuja nimefikiri sana. Shida ni mlango. Watu bado wanagonga. Wa hapa mtaani wote wanajua, Redio alihakikisha, lakini wale wa mbali hawana habari. Wanafika wamechoka, wanauliza, "Mama mkunga yupo?" Nawakaribisha maji, nawaambia, kisha nawaelekeza kituo cha afya kwa mkunga mpya. Wengine wanakaa chini wanalia, nami nakaa nao. Nikiondoka nani atawaambia? Wagonge tu mpaka wachoke?

Na ngoja nikusimulie lililonipata wiki iliyopita, ucheke au ulie, utakavyoona mwenyewe. Nilikuwa nakunywa chai ya asubuhi. Mlango ukagongwa kwa fujo. Nafungua, kijana mmoja anahema, mkewe amemwacha kwenye bajaji hapo njiani, amejikunja. Akasema, "Tafadhali, mzee, haraka." Mimi nikageuka, nikashusha begi, nikaita kuelekea chumbani, "Mama Kitinda! Wamekuja!" Nikasimama nimelinyoosha kwa mkono mmoja, kama nilivyokuwa nikimshikia apitishe mikono. Nikangoja.

Yule kijana akaniuliza taratibu, "Mzee, anavaa viatu?"

Ndipo nikakumbuka.

Nikalivaa mwenyewe, tukakimbia hadi kwenye bajaji, nikakaa mbele na dereva, nikawapeleka kituoni. Mkunga mpya ni binti mdogo kama wewe. Siku hiyo glovu zilikuwa zimewaishia na umeme umekatika, chumba kina giza mchana kweupe. Aliliona begi akaninyang'anya bila hata salamu. Nikiwa nje nilimsikia akigombana nalo, "Tochi iko wapi? Nani aliyeshona mfuko wake huku?" Mtoto alizaliwa salama.

Kesho yake aliniletea vitambaa vimefuliwa na kupigwa pasi. Nikavipanga. Sijapanga begi kwa furaha kama siku hiyo tangu mama yako alipougua. Ndiyo maana nasema, labda kazi yangu ni hapa hapa, mlangoni. Usinikasirikie.

Baba yako


30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilipofika pale ulipomwita mama nililia mpaka mwenye nyumba akaja kuniuliza kama uchungu umeanza.

Lakini nitasema, na unisamehe kama nakosa adabu. Watu usiowajua wakigonga unaacha chai yako, unawapa maji, unakaa nao, unapanda bajaji. Mimi nimegonga pia, baba. Au kwa kuwa niko mbali husikii?

Sina zaidi.

Kitinda


18 Mei

Kwa mwanangu Kitinda,

Nimesikia.

Sikujibu mapema kwa sababu nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe sikutaka kuitaja kabla haijaisha. Nililishusha begi, nikatoa vitu vyote, nikaliweka juu ya cherehani. Nikafumua mfuko wa tochi, nikauhamishia upande wa kulia. Ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Uzi wenyewe haukuwa mgumu, ila nilikuwa nafumua kidogo, nasimama, nakwenda kumwagilia mchicha usiohitaji maji, narudi. Matundu ya sindano bado yanaonekana upande wa kushoto. Sikuyaziba.

Nikampelekea mkunga mdogo. Alilivaa hapo hapo, akapeleka mkono nyuma, tochi hii hapa. Akasema, "Baba, sasa limekuwa langu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na kulipanga?" Nikamwambia atajifunza. Akasema, "Mimi na kupanga vitu tuligombana zamani." Basi nimemwonyesha, glovu juu, sweta chini, na nimemwahidi nikirudi nitalikagua.

Kuhusu mlango, Redio amesema nisiwe na wasiwasi. "Wewe nenda, fundi. Kutoa habari ni kazi niliyozaliwa nayo." Nimemwomba tu awape maji kwanza kabla hajafungua mdomo. Mkewe ameahidi kumsimamia.

Nimekata tiketi. Jana nilianza kupanga vitu vyangu kwenye mfuko wa kawaida, na usinicheke. Nilipomaliza nikaona nina vitambaa safi, sabuni, biskuti, betri, na sina hata shati moja. Miaka yote nimempangia mtu mwingine, sijui mtu kama mimi husafiri na nini. Suruali ngapi? Nichukue mto? Niandikie haraka, au kama barua haitawahi, nitakuja na nitakachokuwa nacho.

Ule uchungu ukianza kabla sijafika, jua kwamba niko njiani.

Baba yako


2 Julai

Kwa mwanangu Kitinda, ambaye sasa ni mama wa mtu,

Nimefika nyumbani salama. Basi lilipata pancha tukashushwa kwenye jua, lakini nilikuwa na ile mikate yako, nikawa tajiri wa safari nzima. Nyumba nimeikuta imefagiwa. Sare za shule zimenisubiri lundo zima. Mjukuu wangu hajambo? Bado analia akivuliwa nguo kama mtu aliyeibiwa? Na baba yake, tangu arudi ameshajifunza kumshika, au bado anambeba kama sinia la mayai?

Kuna jambo sikukusimulia nilipokuwa huko. Ulihitaji usingizi kuliko maneno yangu.

Siku walipokuingiza ndani niliachwa kwenye benchi la ukumbini pamoja na watu wengine waliokuwa wanangoja watu wao. Kijana mmoja alishindwa kukaa. Kila mara ananiuliza, "Mzee, ni kawaida kuchukua muda hivi?" Nikamwambia mimi ni fundi cherehani. Akasema, "Hata kama." Tulikuwa tunakusikia. Muuguzi alitoka, akarudi, akatoka tena, uso umefungwa. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu, nikifika mwisho naanza upya.

Kisha mlango wa mbele ukafunguka, akaingia mkunga wa zamu, yule mama mnene aliyekuzalisha, ana begi begani na viatu vimelowa mvua. Alipita katikati yetu huku anavua koti. Lakini ungewaona watu, mwanangu. Yule kijana alikaa chini mara moja. Bibi mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa akakiinua, akasema polepole, "Amefika." Na mimi nikaacha kuhesabu.

Mimi maisha yangu yote na mama yako nilikuwa upande wa kuondoka kwake. Nilichokijua ni mgongo wake ukitoka, na chakula chake kikipoa mezani. Mara nyingine niliona wivu, sijui ningeuita nini, kwamba watu wengine wanampata na mimi nabaki na cherehani. Sikuwahi kuwa upande wa pili. Sikujua kwamba kila alikokwenda kulikuwa na watu kama sisi wa lile benchi, na kwamba akitokea tu mlangoni, kabla hajagusa chochote, wanapumua.

Nilikaa pale nikamwona mama yako akiingia. Nyumba hii, nyumba ile, mvua, jua, anaingia tu. Nilitamani arudi hata kidogo nimwambie kwamba sasa nimeona. Halafu mwanao akalia, na kila mtu kwenye benchi akanitazama mimi kana kwamba nimefanya kitu.

Akikua, msimulie habari za bibi yake, maana ni nyingi na nzuri. Ukimaliza, kama bado hajalala, mwambie kulikuwa na babu pia, na kwamba alikuwa nje ya mlango. Nikumbukeni kwa hilo.

Baba yako